Masanduku Kumi ya Risasi Bila Bunduki

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo mmoja, leja mbili na Mzee Bwire. Ufunguo ulikuwa wa ghala la silaha la ofisi yetu ya wanyamapori, Musoma. Leja moja ilikuwa ya bunduki, nyingine ya risasi. Mzee Bwire ndiye aliyekuwa mtunza ghala, mtu mfupi, mkavu, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori upande wa Bunda kabla masikio yake hayajachoka na milio. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya ukarani majuzi tu, sijawahi kushika bunduki, na nilikuwa nimevaa viatu vya kuchuchumia. Alivitazama vile viatu, akautazama mlango wa chuma, akaniuliza kama naweza kuinua kilo ishirini. Nikasema naweza.

"Basi kesho njoo na ndala," akasema, na mafunzo yakaanza.

Kwenye chai ya kuniaga, vijana wa ofisini mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nimeandika. Vyeo nimeviacha kwa sababu vilikuwa vichache, na mishahara nimeiacha kwa sababu mnaijua. Nimeamua kuandika habari moja tu, ya zile risasi za 404, kwa kuwa kila mmoja wenu ameisikia nusunusu na kila nusu ninayoisikia imeongezwa chumvi.

Mzee Bwire alinifundisha kuhesabu kabla ya kusalimia watu. Ukishaanza salamu, alisema, unaulizwa habari za nyumbani, na ukiulizwa habari za nyumbani hesabu inapotea. Alinifundisha kuhesabu kwa vidole, siyo kwa macho, na kusoma namba iliyochongwa kwenye kitako cha kila ganda la risasi badala ya kuamini maandishi ya sanduku. Masanduku hayakai sakafuni, yanakaa juu ya mbao, na hayagusi ukuta wa upande wa ziwa kwa sababu ule ukuta ulikuwa na unyevu mwaka mzima. Mafuta ya bunduki yalipokosekana, alinituma kwa mafundi cherehani wa sokoni nikaombe mafuta ya mashine. Kwa muda wa miaka miwili silaha za serikali zilinukia kama duka la fundi nguo, lakini hazikushika kutu.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Sikumuuliza. Alinieleza mwenyewe siku moja aliponikuta nimeweka risasi za aina mbili kwenye trei moja. Enzi za ujana wake kule Bunda, nyati waliojeruhiwa walikuwa wanakuja, na mwenzake kwa haraka akalazimisha kwenye bunduki risasi isiyo yake. Bunduki ilipasuka. Mwenzake walimzika wiki hiyohiyo, yeye akabaki na vidole vitatu na sikio moja. Aliimaliza habari yake, akanyoosha kidole kwenye trei, nikazitenganisha. Sikurudia tena kosa hilo mpaka nastaafu.

Sasa nieleze zile risasi zilitoka wapi. Zamani ofisi ilikuwa na bunduki mbili kubwa za 404, za kushughulikia tembo, nyati na viboko wanaoharibu mashamba. Zilizeeka, zikapelekwa kuharibiwa, tukaletewa nne za aina nyingine, 458. Bunduki zilibadilika lakini fomu ya kuagizia risasi haikubadilika. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ananakili ya mwaka uliopita, ambayo nayo ilinakiliwa kutoka ya mwaka wa nyuma yake. Kwa hiyo risasi za 404 ziliendelea kuja na sisi tukaendelea kuzipokea, kwa sababu kukataa kupokea kulihitaji fomu ambayo hatukuwa nayo.

Baadaye ikaja ile miaka ya shida, baada ya vita ya Uganda. Mtakuwa mmesimuliwa: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, shuka moja kwa nyumba nzima. Fedha za kigeni hakuna, na risasi hutoka nje. Zile chache za 458 tulizokuwa nazo ziliisha moja baada ya nyingine, na nikaandika sufuri kwenye leja. Ukifungua ghala langu wakati huo ungekuta bunduki nne za 458 bila risasi hata moja, na upande wa pili, juu ya mbao, masanduku kumi ya risasi za 404 bila bunduki hata moja. Mzee Bwire alistaafu hali ikiwa hiyo, akaenda kwao Suguti kulima mihogo. Aliponikabidhi ghala alisema maneno machache tu: nisimruhusu mtu ajaribu kuoanisha vitu viwili ambavyo havikuumbwa pamoja.

Wanyama hawakujua kwamba nchi ina shida. Taarifa zilimiminika: viboko Mugango, tembo kwenye pamba ya Bunda, nyati. Askari wetu walikwenda na matarumbeta na madebe. Wananchi, ambao huwa wanamwita kila mmoja wetu Bwana Nyama hata akiwa karani mwanamke, walianza kutucheka barabarani.

Ndipo akaja Nyamisi. Alitoka Buswahili, kule kwenye mabwawa ya Mto Mara, na barua ya mwenyekiti wa kijiji ndani ya kitenge. Alikuwa na umri kama wangu, mrefu, mpole wa sauti. Kiboko dume alikuwa amehamia mahali wanapochotea maji na wanapolima mpunga. Kiboko huyo alikuwa amemuua mume wa Nyamisi asubuhi moja, njiani, akiwa na jembe begani. Barua iliomba askari mwenye bunduki. Nilimpa kiti, nikaandika taarifa, nikamweleza kwamba risasi hatuna ila zimeagizwa. Akashukuru, akaondoka.

Alirudi baada ya miezi miwili. Kiboko yupo palepale na mpunga umekwisha kuliwa wote. Nikamwambia yaleyale.

Mara ya tatu alikuja siku niliyokuwa nahesabu masanduku. Mlango wa ghala ulikuwa wazi nyuma yangu, na maandishi kwenye masanduku yalikuwa makubwa. Alikuwa anajua kusoma. Akasoma kimyakimya, akaniangalia.

"Mama, uliniambiaga risasi hakuna. Na hizo za humo ndani ni za nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya 404 na 458, namba za kwenye vitako vya risasi, bunduki zilizoharibiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema kwamba wanawake wa kwao wanachota maji kwa zamu sasa, mmoja anachota na wenzake wanne wanapiga madebe, na wiki iliyopita binti wa jirani yake alikanyagwa akavunjika nyonga. Akaniuliza nimwambie nini yule binti: kwamba risasi hakuna, au kwamba zipo?

Nilimsindikiza hadi stendi, nikarudi, nikakaa juu ya sanduku moja mpaka saa ya kufunga ofisi.

Kesho yake nilimwomba mkuu wetu, Bwana Maira, aitishe kikao kuhusu zile risasi. Bwana Maira alikuwa mtu mwema aliyeogopa karatasi zote ambazo hazikuwa na mfano wake kwenye faili. Kikao kilitoa mawazo mengi. Mhasibu alitaka zikazamishwe ziwani, tuzifute kwenye leja, tupumue. Mwingine alipendekeza tuzifukie nyuma ya ofisi. Mwingine akasema zirudishwe makao makuu, lakini lori letu lilikuwa limekaa juu ya mawe mwaka wa pili likisubiri magurudumu. Magesa, askari wetu mwenye shabaha kuliko wote na kijana mwenye moyo, alisema yuko tayari kuzijaribu kwenye bunduki ya 458, maana huenda moja ikakubali. Nikamwambia habari ya mkono wa Mzee Bwire. Bwana Maira akaahirisha kikao.

Wiki hiyohiyo nikapata mgeni. Alikuwa mfanyabiashara wa mitumba. Biashara ilikuwa imeanza kuachiwa huru na watu kama yeye walikuwa wanakua haraka kama mahindi ya mvua za kwanza. Alikuja na gari jeupe, akaingia ofisini kwangu na mche wa sabuni na kilo tano za sukari, akasema ni salamu tu. Kisha akafunga mlango. Alisema ameyasikia ya Buswahili na yamemgusa. Anamfahamu mtu mwenye bunduki ya 404. Nikimpa sanduku moja tu, yule kiboko atakufa kabla ya Jumapili, na nyumba ya mama yangu, ambayo alijua imeezekwa kwa nyasi, itapata bati.

Nitasema ukweli kwa kuwa nimestaafu: nilifikiri. Bati sikulifikiria sana. Nilimfikiria yule binti aliyevunjika nyonga. Sanduku moja, kiboko mmoja, na hakuna ambaye angehesabu masanduku isipokuwa mimi. Nikamuuliza mtu wake ana leseni ya hiyo bunduki? Akatabasamu. Nikamuuliza, sanduku lina risasi nyingi na kiboko ni mmoja, zitakazobaki mtu wake atazifanyia nini?

"Bi Getruda," akasema, "sasa hivi ni wakati wa kila mtu kujitafutia. Wewe unazilinda hizi ili zikusaidie nini?"

Hapo akawa amenijibu bila kujua: zitakazobaki zilikuwa za ujangili. Nilifungua mlango, nikampa sabuni yake na sukari yake, na nilimwambia kwa sauti ya kusikika hadi kwa mhasibu kwamba barua za maombi ya silaha hupelekwa polisi. Aliondoka bila kuaga. Wenzangu walinilaumu kwa siku kadhaa, siyo kwa sababu ya risasi, kwa sababu ya sukari.

Lakini maneno yake kuhusu mtu mwenye bunduki ya 404 yalinikumbusha jambo ambalo kila mama wa nyumbani wa Musoma alilijua miaka ile. Hakuna aliyekuwa na kila kitu, lakini mwenye sabuni alimtafuta mwenye sukari, na mwenye mafuta ya taa akamtafuta mwenye chumvi, na ndivyo tulivyoishi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilishana khanga kwa betri za redio. Kama sisi tulikuwa na risasi za 404 bila bunduki, basi mahali fulani katika nchi hii kulikuwa na mtunza ghala mwenye bunduki ya 404 bila risasi, naye amekaa anaiangalia kama mimi ninavyoangalia masanduku yangu. Kazi ilikuwa kumpata.

Nikaandika barua. Ilikuwa ya mistari sita: tulicho nacho, tusicho nacho, tunachopendekeza. Nusu ya risasi ziende kwenu, bunduki moja ije kwetu. Nikampelekea Bwana Maira asaini.

"Utaratibu wa kitu kama hiki haupo," alisema.

"Haupo, mkuu. Ila sijaona mahali palipokatazwa. Nimesoma kanuni zote, hata za maduhuli."

Alisoma barua mara tatu. Akaniuliza kama haiwezi kuonekana tunaomba. Nikamjibu kwamba tunaomba kweli. Alitoa kalamu, akairudisha mfukoni, akaitoa tena, akasaini. Mpaka leo naiheshimu sahihi ile kuliko zote alizowahi kuweka.

Niliichapa kwenye stensili yetu ya mwisho, nikazungusha ile mashine ya kudurufu kwa mkono, nikatuma kwa kila ofisi ya wanyamapori niliyoijua anwani yake. Halafu nikasubiri. Majibu yalianza baada ya mwezi. Ofisi mbili zilisema na wao wana risasi za 404 bila bunduki, na wakatutakia kazi njema. Moja ilitaka kujua kama tuna magurudumu ya Land Rover. Moja ilinionya kwamba mambo ya silaha hayaandikwi kwa stensili, na onyo lenyewe walikuwa wameliandika kwa stensili.

Jibu nililolitaka lilikuja kwa bahasha iliyogeuzwa ndani nje, kutoka mkoa mmoja wa katikati ya nchi. Aliyeandika ni mtunza ghala kama mimi. Alisema wanazo bunduki tatu za 404, nzima, anazisafisha kila Ijumaa, na hawajapata risasi tangu hajaota mvi. Tembo wamewamaliza. Aliuliza kama barua yangu ni ya kweli au ni mzaha wa vijana. Niliisoma nimesimama mlangoni, halafu nikapita ofisi hadi ofisi nikiisoma kwa sauti. Mhasibu, aliyetaka kuzizamisha ziwani, ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Kibali kilichukua wiki nyingi na simu za upepo nyingi, lakini kilikuja, kimegongwa mihuri pande zote. Nilisafirisha masanduku matano mwenyewe, nikisindikizwa na Konstebo Wambura, polisi mtu wa Butiama ambaye hakuwahi kusinzia ninapomwona. Basi hadi Mwanza, kisha treni. Siku mbili nzima nilikalia masanduku. Abiria waliuliza ni nini, nikawajibu ni vifaa vya ofisi, na mama mmoja akanihurumia kwamba vifaa vya ofisi ni vizito sana siku hizi. Yule mtunza ghala alitupokea stesheni amevaa koti, mzee wa nywele nyeupe. Kule ghalani alifungua sanduku la kwanza, akachukua risasi moja, akasoma namba ya kwenye kitako, akaisogeza karibu na macho akaisoma tena. Halafu akakaa kwenye stuli na kucheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka. Wambura alitushangaa. Tulirudi na bunduki moja ya 404 imefungwa kwa blanketi, inang'aa kuliko chochote nilichowahi kukiingiza kwenye leja.

Nilimtumia Mzee Bwire salamu Suguti, akaja na basi la asubuhi na kofia yake ya zamani. Aliichunguza bunduki saa nzima. Alipitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu, akautazama kwa mwanga wa dirisha, akasema aliyeitunza ni mtu. Wasiwasi wake ulikuwa kwenye risasi. Zilikuwa zimekaa miaka mingi karibu na ziwa. Tulikwenda na Magesa kwenye uwanja wa shabaha wakajaribu tano. Tatu zililia. Mbili hazikulia.

"Tatu kwa mbili," Magesa alisema, akanitazama. "Kiboko hatakubali tuhesabu upya."

Mzee Bwire alisema zilizotoka sanduku la mbali na ukuta wa ziwa ndizo zilizolia. Akachagua mwenyewe kumi, moja moja, kwa vile vidole vyake, akizigeuzageuza kwenye mwanga. Magesa alizipokea kwa mikono miwili. Angeweza kukataa kwenda na hakuna ambaye angemlaumu. Aliuliza tu tunaondoka lini.

Tulifika Buswahili asubuhi, jua limeshapanda. Habari ilikuwa imetutangulia, watu wamejaa. Mwenyekiti wa kijiji aliwazuia nyuma ya kichuguu kikubwa, mbali na maji. Mimi nilikuwa nimekwenda kama mtunza ghala, kwa kuwa risasi hazitoki bila mimi, lakini ukweli nilitaka kuona. Nyamisi alikuja akasimama kando yangu. Alinishika mkono tu, na hakuuachia.

Kiboko alikuwa kwenye matete, hatua chache kutoka njia ya maji. Tuliona masikio, kisha mgongo. Magesa aliteremka polepole, Mzee Bwire nyuma yake hatua kumi, maana alikataa katakata kubaki. Matete yakatikisika. Yule dume akatoka mzima, mkubwa kuliko nilivyomfikiria, akafungua mdomo, akaja. Sikujua kwamba kiboko anaweza kukimbia vile. Magesa akainua bunduki, akalenga, akavuta kifyatuo.

Haikulia.

Nilisikia ile sauti ndogo ya chuma, tik, basi. Watu wote walikuwa kimya kiasi kwamba niliisikia nikiwa kule juu. Nyamisi alinibana mkono hadi kucha zikaingia. Sikumwona Magesa akirudi nyuma. Nilichokiona ni mkono wake ukivuta komeo la bunduki, ile risasi mbovu ikaruka pembeni, komeo likarudi. Akavuta kifyatuo tena, na mlio ukajaza bonde lote. Kiboko aligeuka ubavu, akapiga hatua tatu za kupepesuka, akaangukia majini, akazama.

Hakuna aliyeshangilia. Kiboko akipigwa huzama kwanza, akifa anaelea baadaye, na asipokufa hatari inakuwa mara mbili. Tukasubiri. Magesa alikaa chini na bunduki magotini. Mimi niliteremka kwenye tope kuitafuta ile risasi ambayo haikulia, kwa sababu leja haimtambui mtu aliyesema imeruka tu. Niliipata karibu na mguu wa Mzee Bwire. Alikuwa ameikanyaga makusudi isipotee, na alikuwa anatabasamu.

Jua likiwa utosini, kitu kama mwamba kilipanda taratibu katikati ya maji. Kikatulia. Mwenyekiti alirusha jiwe, likagonga, hakuna kilichotikisika. Vigelegele vilivyotoka pale, nadhani vilisikika hadi Kirumi. Magesa alibebwa juujuu na bunduki yangu ikiwa mkononi mwake, nikawa nawakimbilia nyuma nikipiga kelele wamshushe kwanza anipe bunduki. Walimshusha, nikaipokea, nikaitoa risasi, nikaifunga kwenye blanketi. Baada ya hapo wakanibeba mimi.

Mtataka kujua leja iliishaje. Yale masanduku matano yaliyobaki yalitumika Mugango, Suguti na kwenye pamba ya Bunda kwa miaka kadhaa. Zilizokataa kulia tulizitenga, wataalamu wa jeshi wakaja kuziharibu kwa utaratibu wao. Ofisi nyingine nne zilinakili barua yangu zikabadilishana vitu vyao, na kwenye mkutano mmoja makao makuu Bwana Maira alipongezwa kwa kubuni mpango ule. Alisimama akasema si yeye, ni mtunza ghala wake. Niliambiwa hilo na dereva, na lilinifurahisha kuliko barua yoyote niliyowahi kupewa. Biashara ilipofunguka zaidi, risasi za 458 zilianza kuja tena, na fomu ya kuagizia niliijaza mwenyewe kila mwaka, upya, kuanzia mstari wa kwanza.

Lakini siku ile ya Buswahili haikuishia kwenye nyama. Wanaume walipokuwa wanamvuta kiboko kwa kamba, wanawake waliokota ndoo zao. Walishuka kwenye njia ya maji wote pamoja, wengi sana, wakafika ukingoni, wakasimama. Miezi yote ile walikuwa wanachota kwa mikono iliyonyooshwa na kukimbia. Sasa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Yule binti wa nyonga alikuwa ameletwa juu ya baiskeli ya baba yake, anaangalia.

Nyamisi, aliyekuwa amenishika tena mkono, akaniachia. Akapita katikati ya wenzake, akaingia majini, ya kifundo, ya goti, ya kiuno, kitenge kikaelea kumzunguka. Alijaza ndoo, akaiinua hadi juu ya kichwa, na badala ya kujitwisha akajimwagia yote. Akajaza tena, akajimwagia tena, anacheka kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Halafu akatugeukia.

"Ingieni," akasema. "Maji ni yetu."

Tukaingia wote, na mimi na sare yangu ya ofisi.